Hongera Zenye Maelezo: Tathmini ya Taarifa ya Mafanikio katika Jumuiya ya Waandishi

Jumuiya za waandishi wa kazi za kubuni hujulikana zaidi kwa huduma mbili, yaani kusomeana rasimu na kukosoana. Ipo huduma ya tatu ambayo huchukuliwa kuwa adabu tu ya kupeana mkono: kutangaza na kusherehekea kazi za wanachama zilizokubaliwa na wachapishaji. Katika tathmini hii ninaizungumzia hiyo ya tatu peke yake, kama inavyotolewa na jumuiya ambayo nimekuwa mwanachama wake kwa muda wa kutosha kuiona ikibadilika. Sitaitaja jina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni lawama, na pia kwa sababu jumuiya za namna hii hufanana kiasi kwamba msomaji aliyemo katika nyingine anaweza kuyapima haya kwa yake. Hukumu yangu naitanguliza. Taarifa ya mafanikio inayotolewa kila mwezi ndiyo iliyonifanya nibaki katika jumuiya hiyo, na kilichonibakiza humo ni maelezo yanayoambatana na kila hongera. Pale taarifa hiyo inapopwaya, hupwaya kwa kuwa maelezo yamesahauliwa na zimebaki shangwe.

Utaratibu wake ni huu. Mwanachama ambaye kazi yake imekubaliwa au imechapishwa humwandikia msimamizi wa taarifa, ambaye naye ni mwanachama anayejitolea bila malipo, akijibu maswali machache: kazi inaitwaje na ni ya utanzu gani, imepokelewa na jarida gani, au mhariri gani wa mkusanyiko, au kampuni gani ya uchapishaji, imekubaliwa tu au tayari imetoka, ilikataliwa mara ngapi kabla ya kufika hapo, ni wanachama gani waliosoma rasimu zake, na anayetaka kuisoma aipate wapi. Mwanzoni mwa mwezi msimamizi huyakusanya majibu, huyahariri yawe aya fupi zinazokaribiana kwa urefu, kisha huyatuma kwa wanachama wote. Hakuna picha za maua humo, wala mistari ya vifijo. Mtu aliyezoea pongezi za mitandao ya kijamii, ambako kila sentensi hufuatwa na alama tatu za mshangao, huenda akaiona taarifa hii kuwa kavu. Mimi naiona kuwa na staha, kwa maana mshairi aliyepata nafasi ya shairi lake la kwanza katika jarida dogo hupewa aya yenye ukubwa ule ule anaopewa mwanariwaya mzoefu aliyetia saini mkataba wa kitabu chake cha tano.

Swali la idadi ya kukataliwa ndilo linaloipa taarifa hii uzito ambao sijauona kwingine. Mwandishi anayeanza huamini, hata kama hatakiri, kwamba wenzake wanaochapishwa huandika leo, hutuma kesho na kukubaliwa keshokutwa, na imani hiyo hulishwa na matangazo ya kawaida ya mafanikio, ambayo huonyesha mavuno na kuficha kilimo. Anapoletewa aya isemayo kwamba hadithi fulani ya kutisha imepata makao baada ya kurudishwa na majarida 15, na kwamba katikati ya safari hiyo mwandishi alibadilisha mwanzo wake mara moja tu na kuacha yaliyobaki kama yalivyokuwa, anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba kurudishwa si hukumu juu ya kazi yote, na kwamba si kila kurudishwa kunadai mwandishi abomoe na kujenga upya. Hilo la pili halifundishwi mara nyingi. Nimewaona wenzangu wakivuruga hadithi nzuri kwa kuifanyia marekebisho kila ilipokataliwa, hadi ikafika mahali ambapo hata wao hawakuweza kueleza ilikuwa inahusu nini.

Sababu za kukataliwa, kwa hakika, mara nyingi ziko nje ya kazi yenyewe. Jarida la fasihi linaweza kuwa na nafasi ya hadithi chache tu katika toleo moja. Mhariri anaweza kuwa amekwisha kuchagua hadithi nyingine yenye mada inayofanana. Urefu wa maneno unaweza kuzidi kurasa zilizobaki. Au toleo lijalo linaweza kuwa limetengewa mada maalumu ambayo haikutangazwa mapema. Mwaka 2016 mwandishi wa Marekani Kim Liao aliandika makala iliyosomwa sana, akiwahimiza waandishi walenge kukataliwa mara 100 kwa mwaka, kwa hoja kwamba anayelenga idadi hiyo hulazimika kutuma kazi nyingi, na anayetuma nyingi hujipatia nafasi nyingi zaidi za kukubaliwa. Jumuiya yetu haikulichukua lengo hilo kama lilivyo, na naona ilifanya vyema, kwa sababu mwandishi wa riwaya hawezi kulifikia bila kuanza kutuma ovyo. Lakini ilichukua roho yake kwa kuifanya hesabu ya kukataliwa kuwa sehemu ya sherehe.

Faida nyingine hujitokeza taratibu, na anayejiunga leo hataiona mwezi wa kwanza. Taarifa za miezi mingi zikiwekwa pamoja huwa ramani ya soko la uchapishaji iliyochorwa na watu unaowafahamu na ambao umesoma kazi zao. Zipo hifadhidata za intaneti zinazofanya kazi hii kwa upana mkubwa, kama Duotrope iliyoanza mwaka 2005 na Submission Grinder ya mwaka 2013, ambazo hukusanya kutoka kwa watumiaji wake taarifa za muda wa kujibiwa na uwiano wa kukubaliwa, na mwandishi makini hapaswi kuzikosa. Hata hivyo, hifadhidata haiwezi kukuambia kwamba mhariri fulani aliyemkubalia mwenzako hadithi yenye usimulizi wa polepole alimwomba apunguze aya mbili za mwisho, au kwamba jarida fulani linalosema linapokea tanzu zote halijawahi kuchukua hata kazi moja ya ucheshi kutoka kwa wanachama waliolijaribu. Mimi nimeacha kutuma kazi mahali fulani, na nimeanza kutuma mahali pengine, kwa kuongozwa na aya hizi tu, na sijajuta.

Swali la wasomaji wa rasimu lina thamani ya namna yake. Kila aya ya taarifa humalizikia kwa majina ya wanachama waliosoma kazi hiyo ilipokuwa bado mbichi, na majina hayo huwekwa bila kujali kama maoni yao yalifuatwa. Msimamizi wa kwanza niliyemkuta alilisimamia jambo hili kwa ukali: mtu akileta habari yake bila kutaja wasomaji, alirudishiwa aitimize kwanza. Nililiona jambo hilo kuwa urasimu, mpaka nilipotambua linafanya nini. Kukosoa rasimu ya mtu kwa uaminifu ni kazi inayochosha na isiyolipwa, na mara nyingi anayeifanya vizuri ndiye anayeudhi. Msomaji aliyekuambia kwamba mhusika wako mkuu hana tamaa yoyote na kwa hiyo hadithi haisogei, huenda hukumsalimia kwa juma zima. Mgala muue na haki yake mpe. Jina lake linapoonekana chini ya habari njema, analipwa kwa sarafu pekee ambayo jumuiya inayo, na wanachama wengine wanajua ni nani wa kumwomba asome rasimu zao. Nimeona wasomaji ambao wenyewe hawajachapisha chochote wakijijengea sifa nzuri kwa njia hii, na baadhi yao sasa hualikwa kuhariri mikusanyiko.

Sasa niingie kwenye kasoro, na kubwa kuliko zote ni kwamba taarifa hii huchanganya kukubaliwa na kuchapishwa. Swali la kama kazi imekubaliwa tu au imekwisha kutoka huulizwa, na jibu huandikwa, lakini uzito wa pongezi huwa mmoja, na kazi iliyokwisha kusherehekewa ilipokubaliwa haitajwi tena inapotoka. Kwa hiyo wanachama hushangilia barua ya mhariri, na kitabu au jarida linapofika mikononi mwa wasomaji wanakaa kimya. Anayeujua uchapishaji anafahamu kwamba kati ya siku hizo mbili mengi hutokea. Jarida linaweza kufungwa. Mhariri anaweza kuondoka na mrithi wake asiipende kazi. Kampuni inaweza kuahirisha mara mbili au tatu. Na pale ambapo mkataba unasema malipo hufanyika baada ya kuchapishwa, mwandishi hubaki na kazi iliyozuiwa na mfuko mtupu.

Mfano unaonijia kila mara ni wa Octavia E. Butler, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kubuni za kisayansi. Alihudhuria warsha ya uandishi ya Clarion nchini Marekani mwaka 1970, na kutokana na warsha hiyo aliuza hadithi mbili, jambo ambalo jumuiya yoyote ingelisherehekea kwa haki kabisa. Moja ilitoka mwaka 1971 katika mkusanyiko wa kazi za warsha yenyewe. Ya pili ilinunuliwa na mwandishi na mhariri Harlan Ellison kwa ajili ya mkusanyiko aliokuwa akiuhariri, na mkusanyiko huo haukutoka katika uhai wa Ellison wala wa Butler. Butler alifariki mwaka 2006, na hadithi ile ilikuja kuchapishwa mwaka 2014 katika kitabu kingine. Baada ya mauzo yale mawili ilimchukua miaka mitano hivi kuuza kazi nyingine, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Taarifa ya mafanikio ya mwaka 1970 ingesema kweli tupu, na bado ingempotosha msomaji kuhusu kilichokuwa mbele yake. Taarifa inayofuatilia kazi moja katika hatua zote, kuanzia kukubaliwa hadi kutoka, na isiyoona haya kuandika kwamba mkusanyiko uliotangazwa miaka miwili iliyopita bado haujaonekana, ingewafaa wanachama kuliko pongezi kumi. Ingewafundisha, kwa mfano, kukagua kabla ya kutia saini kama mkataba una kifungu kinachorudisha haki kwa mwandishi endapo kazi haitachapishwa ndani ya muda uliowekwa. Kifungu hicho kipo katika mikataba mizuri, na waandishi wengi wapya hawajui kukitafuta kwa kuwa furaha ya kukubaliwa huwafumba macho.

Kuhusu uchujaji wa wachapishaji, jumuiya hii imefanya kazi ambayo sina budi kuisifu kwa kirefu. Ziko kampuni zinazojiita wachapishaji ambazo faida yao haitoki kwa wasomaji bali kwa mwandishi mwenyewe: hukubali kila mswada, humsifu mwandishi kwa maneno matamu, kisha humdai fedha za uhariri, jalada, matangazo au nakala za lazima. Mwandishi aliyenaswa huleta habari yake kwa furaha ya kweli, na msimamizi anayeitangaza bila kuuliza anamvika kilemba cha ukoka, tena mbele ya wanachama wengine ambao kesho watatuma miswada yao huko huko. Mwaka 2004 kundi la waandishi wa Marekani, likiongozwa na James D. Macdonald, lilithibitisha jinsi uchaguzi wa kampuni za aina hii ulivyo wa uongo. Waliandika kwa makusudi riwaya mbovu kupita kiasi, yenye sura moja iliyokosekana, sura mbili zinazofanana neno kwa neno, na sura moja iliyotungwa na programu ya kompyuta kutokana na maneno ya sura nyingine. Wakaipeleka kwa kampuni iliyojinadi kuwa huchagua kazi kwa makini, nayo ikakubaliwa. Kampuni ilibatilisha uamuzi wake baada ya waandishi kufichua mzaha wao.

Macdonald huyo huyo ndiye mwenye kanuni ambayo waandishi huiita Sheria ya Yog, kwamba fedha huelekea kwa mwandishi. Jumuiya yetu imeifanya kanuni hiyo kuwa kigezo: kabla habari haijaingia katika taarifa, msimamizi huuliza kama mwandishi amelipa chochote, na kama jibu ni ndiyo, humwandikia faraghani, kwa upole, akimweleza mashaka yake na kumwelekeza kwa Writer Beware, huduma iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo hukusanya maonyo kuhusu mawakala wa waandishi na wachapishaji wasioaminika. Nimesikia wanachama wakilalamika kwamba mwenendo huu unazima furaha ya watu. Mimi nadhani ni wema mkubwa kuliko hongera, ingawa nakiri kwamba anayeupokea hauoni hivyo siku hiyo.

Hata hivyo kigezo hicho kina upande unaokata vibaya, nao unawahusu waandishi wanaojichapishia wenyewe. Mwandishi anayejichapishia hulipa, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa yeye ndiye mchapishaji: anaajiri mhariri, anamlipa mchoraji wa jalada, anajipatia ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa jina lake, na mapato yote ya mauzo, baada ya sehemu ya muuzaji, ni yake. Hali yake haina uhusiano na ya aliyelaghaiwa, kwa sababu haki zote zimebaki mkononi mwake na kila fedha iliyotoka ilinunua kazi inayojulikana. Taarifa yetu huwaweka waandishi hawa mwishoni kabisa, chini ya kichwa chao, bila kuwataja wasomaji wa rasimu zao na bila maelezo ya safari yao, kana kwamba wao hawakuandika rasimu wala hawakukosolewa. Huo ni upungufu wa hukumu. Kitabu kilichochapishwa kwa uangalifu na mwandishi mwenyewe kina maelezo mengi zaidi ya kuwafaa wenzake kuliko shairi moja lililokubaliwa na jarida: kazi ya uhariri ilichukua miezi mingapi, jalada lilibadilishwa kwa nini, uamuzi wa kutokutafuta mchapishaji ulifikiwaje. Kuyaacha hayo ni kuwanyima wasomaji wa taarifa sehemu wanayoihitaji kuliko zote.

Tuzo nazo zinahitaji lugha sahihi. Tuzo ya Pushcart, tuzo ya Marekani kwa kazi za majarida na wachapishaji wadogo iliyoanza mwaka 1976, humruhusu kila mchapishaji mdogo kupendekeza hadi kazi 6 kwa mwaka, na kwa kuwa wachapishaji hao ni wengi, mapendekezo huwa mengi mno. Kupendekezwa kunamaanisha kwamba mhariri wako aliipenda kazi yako kuliko nyingi alizochapisha mwaka huo, jambo la kujivunia kwa haki, lakini si sawa na kuingia katika orodha fupi ya waamuzi. Taarifa yetu hutumia neno moja, «ameteuliwa», kwa hali zote mbili. Marekebisho hapa ni mepesi, na sielewi kwa nini hayajafanywa.

Lipo jambo ambalo taarifa hii hulifanya vizuri bila kujisifu nalo, nalo ni kukataa kupanga habari kwa ukubwa wa jina la mchapishaji. Aya hupangwa kwa tarehe zilizopokelewa, basi. Anayeona utaratibu huo kuwa wa kitoto akumbuke kwamba mwaka 2002 mwandishi wa Kenya Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine, tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, kwa kazi iliyokuwa imechapishwa katika jarida la intaneti, wakati ambapo watu wengi wa fasihi hawakuwa wamezoea hata kuliita jarida la namna hiyo uchapishaji. Mwaka uliofuata jarida la Kwani?, ambalo yeye alikuwa mwanzilishi wake, lilitoa toleo la kwanza. Ukubwa wa jukwaa hubadilika haraka kuliko ubora wa sentensi, na msimamizi hana kipimo cha kujua leo jarida gani litakumbukwa.

Kuhusu haki, jumuiya ilikuwa na mazoea ambayo yaliniogopesha, na nafurahi kwamba yamekoma. Zamani mwanachama aliyepata mafanikio aliombwa aambatanishe kazi nzima ili wenzake waisome papo hapo katika taarifa, na taarifa zenyewe zilihifadhiwa mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuzifungua. Majarida mengi hununua haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, na mengi huihesabu kazi iliyowekwa wazi mbele ya umma kuwa imekwisha kuchapishwa. Mwandishi anayeisambaza kazi kati ya siku ya kukubaliwa na siku ya kutoka anaweza kuvunja mkataba kwa nia njema kabisa. Sasa taarifa huwa na mistari miwili mitatu tu ya mwanzo wa kazi, kwa ruhusa ya mchapishaji, pamoja na maelekezo ya mahali pa kuipata nzima, na rasimu zinazosomwa ndani ya jumuiya hukaa mahali penye nywila. Anayefikiria kujiunga na jumuiya yoyote aulize suala hili kabla ya kuuliza jingine.

Kuna wanachama ambao taarifa huwaumiza, nami sitajifanya kwamba hawapo. Mtu ambaye ametuma kazi kwa muda mrefu bila jibu zuri hufungua taarifa ya mwezi na kukuta majina ya wenzake, wengine wakiwa wamejiunga baada yake, na hakuna uungwana unaoweza kumzuia kuhisi kijicho kidogo. Jumuiya ilijaribu kuliponya hili kwa kuongeza sehemu ya wale waliotuma kazi mwezi huo, hata kama hawajajibiwa. Sehemu hiyo haikunivutia. Iligeuka orodha ndefu isiyosomwa, na wachache waliotaka kweli kutiwa moyo waliona imewekwa kwa kuhurumiwa. Hesabu ya kukataliwa katika aya za waliofanikiwa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa aliyekataliwa anajiona ndani ya habari ya mwenzake bila kuombewa nafasi.

Je, huduma hii inamfaa nani? Mwandishi wa hadithi fupi na mashairi ndiye atakayefaidi zaidi, kwa sababu soko lake lina milango mingi midogo ambayo haiwezekani kuijua yote peke yake, na taarifa humletea wenyeji wa milango hiyo kila mwezi. Mwanariwaya atafaidi kwa kiasi, zaidi katika maelezo ya mikataba na mawakala, ambayo huja mara chache lakini yakija huwa na kina. Mwandishi wa tamthilia atavunjika moyo: kwa muda wote ambao nimeisoma taarifa, aya zinazohusu maonyesho ya jukwaani zimekuwa haba, na maswali ya msimamizi hayakutungwa kwa kazi ambayo mafanikio yake ni kuigizwa na si kuchapwa. Anayetafuta sifa za haraka aende kwenye mitandao ya kijamii, atazipata kwa wingi. Anayejichapishia ajiunge, lakini asubiri heshima yake icheleweshwe kidogo.

Imebaki kasoro moja ambayo naiona inaweza kurekebishwa kwa juhudi ndogo, nayo ni ukimya unaofuata baada ya mwezi wa pongezi. Wanachama wengi huandika hongera, wachache hununua kitabu, na wachache zaidi hukisoma hadi mwisho. Methali yetu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika uchapishaji wa leo methali hiyo haisimami, kwa maana vitabu vyema visivyotembezwa hujaa maghala. Baadhi ya wanachama walipendekeza kwamba tukubaliane kuandikiana maoni mazuri katika maduka ya intaneti, kila mmoja akimpa mwenzake nyota tano, na uongozi ulikataa. Ulikataa kwa haki: Amazon, kwa mfano, inakataza maoni ya ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi pamoja na ubadilishanaji wa maoni, na inaweza kuyaondoa, na hata pasipokuwa na katazo, msomaji wa kawaida hugundua upesi kitabu kilichosifiwa na wenyewe kwa wenyewe.

Kukataa peke yake, hata hivyo, hakukuleta mbadala. Nilichopendekeza kwa msimamizi wa sasa ni kwamba kila taarifa irudi kwenye kazi chache zilizotangazwa mwaka mmoja nyuma, na mwanachama mmoja aliyezisoma, ambaye hakuzisoma zilipokuwa rasimu, aziandikie mapitio mafupi kwa wanachama wenyewe, akisema kilichomshika na kilichomchosha. Mapitio hayo yasitoke nje ya jumuiya wala yasipewe nyota. Yangemwonyesha mwandishi kwamba kazi yake imesomwa baada ya vigelegele kwisha, na yangempa mwanachama mpya sababu ya kuitafuta. Msimamizi alilipokea wazo hilo vizuri, akaongeza sharti ambalo sikulifikiria, kwamba mwandishi aulizwe kwanza kama anataka kupitiwa. Akaeleza pia kwamba yeye peke yake hawezi kuibeba kazi hiyo juu ya ile anayoifanya sasa. Anatafuta mtu wa pili wa kujitolea, na hadi ninapoandika haya hajampata.